Tusajigwe Ambindwile, Fundi Asiyeinama (1972–2004)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Nkunga kwenye baridi hii ya Juni, sogeeni karibu, na aliyekosa benchi avumilie, hatutachelewa sana. Wasifu huu umeandikwa upande wa wajomba. Mmezoea uandikwe na upande wa baba, unaandikwa vizuri, marehemu anakuwa malaika na waliobaki wanakuwa malaika wadogo. Safari hii mzee Ambindwile, baba wa marehemu, alikwenda mwenyewe juzi kwa Jotham, mtoto wa mjomba wa marehemu, yaani mtani wa marehemu, akamwambia, "Andika wewe. Ndugu zangu wataandika kwamba nilikuwa baba mwema." Jotham shule aliiacha darasa la tano, lakini kwa kusema hajashindwa na mtu wilaya hii nzima, na mtani msibani hanyamazishwi. Kwa hiyo chochote kitakachouma humu ndani, aliyekiomba amekaa pale mbele, mwenye koti jeusi.

Tusajigwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 kijijini Ikuti. Alikuwa binti, na mtoto wa kwanza wa mzee Ambindwile, mkulima wa migomba na chai na mzee wa kanisa, na mama Anyosisye, ambaye kwao ni kwetu. Alizaliwa mlegevu. Watoto wa umri wake walikuwa wameshaanza kuinua vichwa kutafuta nani ana ndizi, yeye kichwa chake kimelala begani kwa mama kama mtu aliyetoka safari ndefu. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama. Alipotembea akatembea vizuri, mama akashukuru. Lakini kadiri alivyokua, shingo ile iliyokuwa laini ikakakamaa, na mgongo nao ukawa kama umewekewa ubao kwa ndani. Kidevu hakikufika kifuani hata kwa kulazimisha. Akitaka kuona vidole vyake vya miguu, ilibidi akae chini aunyanyue mguu mpaka usawa wa macho, kama anayekagua kiatu dukani.

Mwaka 1975 alizaliwa mdogo wake, Enosi. Naye shingo haikukaza, na hakumaliza miaka miwili, kifua kikamchukua. Amoni alizaliwa 1978, huyu mnayemwona anapanga viti, shingo yake inazunguka kama ya bundi. Watu walisema mengi juu ya wale wawili wa kwanza. Mzee Ambindwile alisema lake: udhaifu huu umetoka kwa wajomba. Sisi wajomba tukajibu kwamba kwetu hakuna mtu wa namna hiyo, atafute kwao. Kesi hiyo ilikaa karibu miaka thelathini bila hakimu, na kila sherehe ilifufuliwa.

Wageni mliotoka mbali mwelewe jambo moja, ndipo mtaelewa mengine yote. Kwetu mtoto hamsalimu mkubwa amesimama wima. Mtoto wa kike ndiyo kabisa: anapiga magoti, anainamisha kichwa, anasema, "Mwagonile, tata," yaani umeamkaje, baba. Baba anajibu, "Ndaga." Ndaga ni neno dogo tu, ila limebeba asante, limebeba amani, limebeba na nimekuona, mwanangu. Mtoto aliyejibiwa ndaga asubuhi anakwenda kuchota maji huku anaimba. Tusajigwe alipiga magoti vizuri kuliko watoto wote wa Ikuti, maana magoti yalikuwa mazima. Kichwa ndicho kilichobaki juu, macho yanamtazama mkubwa usoni. Wazee wakaanza kuulizana huyu mtoto anawatazama kama nani.

Kanisani ndiko kulikuwa kubaya. Hili mzee mwenyewe ndiye aliyetaka liandikwe, na akasema lisipunguzwe. Mzee wa kanisa anakaa benchi la mbele na familia yake, na nyuma yake watu wote wanaona. Ikitangazwa sala, vichwa vyote vinashuka kama majani ya mgomba kwenye mvua, halafu kinabaki kimoja, tena benchi la mbele, kinamkodolea Mungu macho. Mzee Ambindwile alitahayari. Akawa anaweka mkono wake kisogoni kwa mtoto na kukandamiza, sala nzima. Mtoto hakulia. Alibana meno na kusikiliza. Kwa njia hiyo alijua sala za wazee wote wa kanisa, nani anafupisha na nani anaanzia kwa Adamu, na aliyefupisha alimpenda mpaka ukubwani. Alikuwa anasubiri Amina, kwa sababu kwenye Amina mkono ulinyanyuka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ikuti, mwaka 1980 mpaka 1986. Daftari aliliegemeza kwenye rundo la vitabu ili limtazame usoni, akaandika hivyo hivyo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu. Mtani wake Jotham, waliyekaa dawati moja mpaka huyo mtani alipoona serikali imeshamfundisha vya kutosha, alimpa jina la Mlingoti. Ule utani ulimrudia haraka. Kila asubuhi shule nzima ilipopanga mistari kupandisha bendera, Tusajigwe alikuwa akimnong'oneza, "Jotham, simama vizuri, unanipigia saluti mimi." Akachekesha mstari mzima, na aliyechapwa ni Jotham.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea. Alikwenda kuchuma chai kama wasichana wengine. Chai inataka macho yaangalie chini, uchague majani mawili na chipukizi moja, na Tusajigwe alichuma kwa kupapasa. Majani magumu yakawa yanaingia kapuni, msimamizi akamwambia akatafute kazi ya kutazama milima. Alirudi nyumbani amejificha nyuma ya migomba asionekane na majirani. Siku nyingi baadaye aliwahi kusema aibu ile ilimuuma kuliko shingo.

Kazi yake ya kweli aliipata Tukuyu sokoni, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamiminika. Bi Tausi, ambaye yuko pale na kanga ya kijani, alikuwa anauza makoti. Makoti yenyewe, jamani, yalishonwa kwa ajili ya watu wa nchi yenye kula sana. Mtu wa Rungwe akilivaa moja, watoto wake watatu wanaingia humo humo. Bi Tausi alihitaji mtu wa kuyapunguza. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake. Tusajigwe akaiweka juu ya meza, meza akaipandisha juu ya kreti za soda, nguo ikamfika usawa wa macho, kazi ikaanza. Watu wakamwita Fundi Asiyeinama. Suruali ikitakiwa kupimwa pindo, mafundi wengine wote huinama miguuni kwa mteja. Tusajigwe alimwambia mteja apande juu ya meza. Wachungaji wawili na mtendaji wa kata mmoja wamewahi kusimama juu ya meza ile na soksi zao, soko zima linawaangalia. Bi Tausi alikuwa anasema, "Kwetu hapa wakubwa ndio wanaopanda, fundi anabaki alivyo." Na nguo ilikaa. Wengi mliovaa makoti hapa leo, mkigeuza mabega mtaona mkono wake.

Juu ya meza ile ile ndiko alikopatikana shemeji yetu Isakwisa. Alikuwa kijana wa kiwanda cha chai, kitengo cha kukausha, kutoka hapa Nkunga. Alileta suruali ipunguzwe kidogo. Baada ya wiki akairudisha, eti bado ndefu. Akairudisha tena. Ilipofika magotini Tusajigwe akamuuliza kama anataka suruali au anataka fundi. Shemeji, kaptula ile tunaijua, usitazame chini, leo chini wanaotakiwa kutazama ni wengine.

Walifunga ndoa tarehe 16 Septemba 1995. Siku ya kuagwa nyumbani Ikuti, watu walijaa mpaka kwenye migomba. Kwa desturi bibi harusi anapiga magoti mbele ya baba, anainamisha kichwa, baba anaweka mkono na kubariki. Tusajigwe akapiga magoti na gauni lake aliloshona mwenyewe. Mzee akasema, "Inama, mwanangu." Tusajigwe akajitahidi mpaka mishipa ikasimama, akasema kwa sauti ile yake nyembamba ya puani, "Tata, hapa ndipo mwisho wangu." Pembeni mtu akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko kikubwa, ila mzee alikisikia, na wote tunajua mzee wa kanisa anavyosikia kicheko. Mkono wake ulikuwa tayari hewani. Akaurudisha mfukoni. Akasema mbele za watu, "Basi siku utakayoinama ndiyo siku nitakayokujibu."

Na hakumjibu. Tangu siku ile Tusajigwe alikwenda Ikuti sikukuu zote, akapiga magoti kwenye vumbi au kwenye tope, akasema, "Mwagonile, tata." Mzee alitazama mbuzi, au alitazama mvua inatokea wapi. Mama Anyosisye ndiye aliyejibu kwa niaba, lakini ndaga ya kuazima haiingii mahali pale. Ndugu wa Isakwisa nao walimwambia ameoa mwanamke wa kiburi, anayemtazama baba mkwe usoni. Isakwisa alijibu mara moja tu, na hakurudia, "Mimi sikuoa shingo."

Mwaka 1997 alizaliwa binti yao, Atupokile. Tusajigwe hakuuliza kilo wala anafanana na nani. Alikuwa anamlaza kifudifudi kitandani na kumtazama shingo, siku baada ya siku, hasemi na mtu. Siku mtoto alipoinua kichwa na kukigeuza kulia na kushoto, Tusajigwe alifunga kibanda sokoni saa za biashara, akamleta Bi Tausi mpaka Nkunga kuja kuona mtoto ameinua kichwa. Bi Tausi alidhani kuna msiba.

Kuanzia mwaka 1999 alianza kuumwa. Asubuhi aliamka na kichwa kinagonga. Mchana alisinzia akiwa kwenye cherehani, mkono kwenye gurudumu, sindano imesimama katikati ya kola. Akilala chali alisema anazama. Akawa analala ameketi, mito mgongoni. Alitibiwa malaria isiyokuwepo, akatibiwa taifodi isiyokuwepo, na wapo waliosema ni laana ya kutomwinamia baba, wakasema kwa sauti ya kutosha ili asikie. Maneno hayo yalimfika mzee Ikuti. Hakuyakanusha.

Mwaka 2001 Isakwisa alimpeleka hospitali Mbeya, na huko akakutana na Daktari Sophia, wa magonjwa ya kifua. Daktari huyu hakuanza na kifua. Alimtazama mgonjwa anavyoingia mlangoni, akamwambia, "Naomba uangalie viatu vyako." Tusajigwe akamjibu, "Vina nini, daktari? Wewe niambie tu, mimi huwa sivioni." Daktari hakucheka. Akauliza shingo iko hivyo tangu lini, utotoni alikuwaje, kuna ndugu mwingine wa hivyo. Akaambiwa habari za Enosi. Akasema anataka damu ya Tusajigwe, ya baba, ya mama na ya Amoni, aipeleke nje, kwa watu ambao ndiyo kwanza walikuwa wameugundua ugonjwa anaoufikiria.

Mzee Ambindwile alikataa. Alisema damu yake haina kesi. Watu walimbembeleza, mchungaji akaja, mtani naye akaja na maneno yake mazuri, hakuna. Aliyemaliza ni mama Anyosisye, ambaye alikuwa anamenya ndizi na hakuinua hata macho. "Kama haina kesi," alisema, "itoe ikashinde." Mzee akavaa koti.

Majibu yalikuja mwanzoni mwa mwaka 2003. Tukaitwa wote Mbeya: mgonjwa, wazima, na mtani kwa kazi ya ushahidi. Daktari Sophia alieleza, na hapa panaelezwa kama alivyoeleza, kwa sababu wengi mmesikia habari za sokoni. Kuna madini yanaitwa seleniamu. Yako kwenye udongo, yanapanda kwenye mahindi na maharage, yanaingia kwenye samaki na nyama, na mwili unataka kidogo mno, kama vumbi la ukucha. Lakini kidogo hicho kina kazi nyingi: moyo, tezi ya shingoni, kinga, na misuli.

Aliposikia seleniamu, Amoni aliinuka na uso wa ushindi, akatoa chupa kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa dawa ya sindano kutoka duka la mifugo. Ndama wake wa ng'ombe wa maziwa walizaliwa na miguu migumu mwaka uliotangulia, akauziwa chupa hiyo ya seleniamu, wakasimama. Alipoona neno lile kwenye karatasi ya hospitali ya kutuita alibeba chupa kutoka nyumbani, akamwambia daktari ampige dada yake sindano hapo hapo, kwa kipimo cha ndama mmoja mkubwa. Daktari aliichukua ile chupa taratibu kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akaiweka upande wake wa meza. Akasema ikizidi ni sumu. Halafu akasema ndama wa Amoni walikosa madini yenyewe, lakini Tusajigwe hakuyakosa. Anayala kila siku kama sisi. Mwili wake haukupewa maelekezo sawasawa ya kuyatumia.

"Mnasema Amina kanisani," alisema daktari, "na sisi msikitini tunasema. Likisemwa, watu wanajua yameisha, wanainuka. Ndani ya mwili nako kuna maelekezo ya kutengeneza kila kitu, mtoto anayarithi kwa baba na mama, na ndani yake mna neno linalomaanisha ishia hapa. Mahali pachache sana neno hilo hilo haliishii. Kuna alama mbele yake inayosema, hapa usiinuke, hapa tia seleniamu, halafu endelea. Kwa huyu dada, kwenye kitu kimoja cha misuli, alama ile imeharibika. Mwili ukifika pale unasikia Amina, unainuka, unaondoka, na kazi haijaisha. Ndiyo maana shingo na mgongo vimekakamaa, na misuli ya kupumulia inachoka akilala."

Tusajigwe akasema, "Basi mimi na mwili wangu wote tulikuwa tunasubiri Amina." Alisema kwa kucheka. Hakuna aliyecheka naye, maana mzee Ambindwile alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, kiganja na mgongo, kama ameuokota njiani.

Mama akauliza kasoro imetoka upande gani. Hapo mtani alisogeza kiti, kesi ya miaka mingi imefika kwa hakimu. Daktari akasema nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kila mmoja alibeba maelekezo mazima na mabovu pamoja, mazima yakamtosha, kwa hiyo hakuugua. Mtoto aliyepewa mabovu ya pande zote mbili ndiye anayeugua. Si kosa la mtu, si laana, na huwezi kumtazama mtu ukajua amebeba. Kwa hiyo wajomba hatukushinda. Ambindwile naye hakushinda. Tulipigania miaka yote hiyo kitu tulichokuwa nacho wote.

Kisha Tusajigwe akauliza swali alilokuja nalo. "Kwa hiyo, daktari, hii shingo siyo kiburi?"

Daktari Sophia hakuelewa. Akauliza, "Kiburi kimeingiaje?"

Tulikuwa watu wazima watano mle ndani mbali na mgonjwa, na wote tulijua kimeingiaje. Mama alitazama mlango. Isakwisa alimshika mkewe kiwiko. Mzee wa kanisa, ambaye ameongoza sala nyingi wilayani hapa, hakupata sentensi hata moja.

Daktari alisema wazi kwamba dawa ya kuponya haipo. Iko mashine ya kusaidia kupumua wakati wa kulala, lakini kwetu ilikuwa haijafika, na akaahidi kuitafuta. Aliitafuta kweli, barua zake tumeziona, na hapa tunamshukuru.

Mngedhani baada ya hapo mzee alikwenda Nkunga kesho yake. Hakwenda. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anasubiri kichwa cha mwanawe kiiname, sasa kichwa chake mwenyewe kikawa hakiinuki. Tusajigwe alipokwenda Ikuti, baba alitokea mlango wa nyuma, akaingia kwenye migomba. Lakini alituma vitu. Kila wiki Amoni alileta mkungu wa ndizi, maziwa, maharage mapya. Tusajigwe alipokea, akapika, akagawia majirani. Siku moja akamwambia Amoni, "Mwambie tata ndizi zimetosha. Mimi nataka ndaga." Amoni akafikisha. Mzee akalia, halafu akatuma mkungu mwingine.

Mtani alimfuata, akamtania kwamba ameogopa mtoto mwenye shingo moja kama watu wote. Mzee akasema, "Nitamwambia nini, Jotham? Nilikuwa namkandamiza. Alikuwa mtoto mdogo, na mimi nilikuwa namkandamiza kwa jina la Mungu. Neno moja linafunika hilo?" Mtani, ambaye hajawahi kukosa jibu, alisema neno moja ndilo aliloomba.

Jumanne tarehe 8 Juni mwaka huu, mzee Ambindwile alikuja Nkunga peke yake, mchana, koti limepigwa pasi. Wakati huo Tusajigwe hakwenda tena sokoni, alishonea barazani. Bi Tausi alikuwa amemletea makoti. Mzee alimkuta mwanawe amesinzia kwenye kiti chake, mito nyuma, mkono kwenye cherehani, kichwa juu kama kawaida. Akavua kofia. Bi Tausi akamwambia amwamshe. Mzee akakataa. Akasema usingizi wenyewe anaupata kwa shida. Akakaa kwenye kigoda mbele yake, chini, anainua macho kumtazama, mpaka jua likahama. Bi Tausi anasema mdomo wa mzee ulikuwa unafunguka na kufumba. Mwishoni akainuka, akasema, "Mwache alale. Nitarudi kesho."

Tusajigwe alipoamka akaambiwa. Aliuliza amesema nini. Bi Tausi akamwambia, amesema atarudi kesho. Tusajigwe akacheka mpaka pumzi ikamkata, akamwagiza Atupokile amtolee gauni lake la kitambaa cha bluu, akalivaa hapo hapo jioni, ili asubuhi isimkute hajajiandaa. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2004, ameketi, mumewe amemshika. Mzee Ambindwile alikuwa ameshaondoka Ikuti mapema. Vilio alivikuta barabarani, kabla hajaiona nyumba.

Marehemu ameacha mume, Isakwisa, na binti, Atupokile. Ameacha baba na mama, ameacha mdogo wake Amoni, ambaye chupa yake bado iko kwa daktari. Ameacha Bi Tausi, aliyekuwa dada yake wa sokoni, na ameacha wajomba, tena wengi, wenye maneno. Familia ya pande zote mbili, kwa pamoja safari hii, inaomba jambo. Mtoto akizaliwa katika ukoo wetu shingo yake ikachelewa kukaza, au ikakaza ikawa haiinami, asipelekwe kwa baba yake akafundishwe adabu. Apelekwe hospitali. Na kanisani, mkiona kichwa kimoja kimebaki juu wakati wa sala, aliyekiona naye alikuwa hajafumba macho.

Sasa limebaki la mzee. Ameomba nafasi, tukamwekea hapa, kabla jeneza halijashuka. Mzee Ambindwile, mwanao ameshasalimu. Alisalimu miaka yote, magoti yake chini, wewe unatazama mbuzi. Shingo yako ilipimwa Mbeya, ilionekana nzima. Itumie.

Hapa msomaji ananyamaza. Mzee atasogea, atainama, na atamjibu mwanawe salamu. Ni neno moja. Akishalisema, na siyo kabla, ndipo tuseme Amina, mkono unyanyuke, na Tusajigwe apumzike kwa amani, kichwa juu.